Pikoboli si ya mababi, na kabro yetu inatosha

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema kabla mtu wa ubabini hajawauzia kwa bei yake: ukitaka kujifunza pikoboli, ukitoa mpira, usinunue kitu yoyote mwezi wa kwanza. Usinunue raketi. Usilipe kocha. Viatu vya kuchezea ni hivyo uko navyo. Tafuta chaki, kipande cha plaiwudi, na mtu mmoja asiye na haraka.

Najua wengi wenu mmeiona kwa simu tu. Watu wamevaa nyeupe, wamesimama karibu karibu, raketi fupi bila nyuzi, mpira wa plastiki wenye mashimo unafanya pok, pok, pok. Jina lake la kuzaliwa ni pickleball. Sisi hapa Tena tumeshaikata ikawa pikoboli, na kuna mtoi wa ploti yetu anaiita tenisi ya kibao, juu enyewe ile raketi inafanana na kibao cha kukatia sukuma wiki.

Huyo mtoi yuko sahihi kuliko anavyojua. Huu mchezo ulianza na vitu vya nyumbani. Ilikuwa 1965, kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard, mwanasiasa ambaye baadaye aliingia Kongresi, alirudi nyumbani na rafiki yake Bill Bell wakapata watoi wamechoka kukaa bure. Kulikuwa na uwanja wa zamani wa badminton lakini vifaa vya badminton havikupatikana. Wakachukua raketi za tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye mashimo. Neti ilikuwa juu vile ya badminton huwa, wakaishusha mpaka kiunoni. Jirani yao Barney McCallum akaingia kwa karakana yake akakata raketi za plaiwudi. Ni hivyo tu. Wazazi watatu walikuwa wanatafuta namna ya kunyamazisha watoi wakati wa likizo. Kama hiyo si hadithi ya mtaa, basi sijui mtaa ni nini. Sisi tulicheza kati na mpira wa soksi na karatasi za nailoni, na hakuna mtu alituambia tungoje vifaa rasmi.

Kwa hivyo mtu akinitumia ujumbe ati "hiyo ni ya mababi", huwa namuuliza: ni mchezo wenyewe ama ni geti? Juu geti ndiyo ghali. Mchezo ni mbao na chaki.

Raketi kwanza. Sheria inasema urefu ukijumlishwa na upana usipite sentimita 61, na urefu pekee usipite 43. Enda kwa fundi wa vitanda hapo barabarani, muombe mabaki ya plaiwudi ya milimita 6, chora sentimita 40 kwa 20 ukihesabu na mpini, akukatie. Piga msasa kingo zote vizuri, juu kipande cha mbao kwa kiganja si mchezo. Funga mpini na tepu ama mpira wa tyubu ya baiskeli. Itakuwa nzito kidogo kuliko za dukani. Sawa tu. Raketi za kisasa zenyewe zilianza na Arlen Paranto, injinia wa kiwanda cha ndege cha Boeing, ambaye mwaka 1984 alizitengeneza kwa paneli za aina iliyotumika kwa ndege. Alitumia kilichokuwa karibu na yeye. Karibu na wewe kuna fundi wa vitanda.

Mpira ndio nasema ununue, na mchange watu wanne. Usidanganywe kutumia mpira wa tenisi. Wa tenisi unaruka sana. Huu wa plastiki ukiuangusha kutoka juu ya kichwa cha mtu mrefu haurudi hata nusu ya njia, na ndiyo maana mchezo unaenda pole kiasi cha mtu mpya kuuona. Iko mipira ya ndani yenye mashimo 26 makubwa, na ya nje yenye mashimo 40 madogo. Chukua ya nje. Upepo unaopita kati ya ploti zetu ukishika ule wa ndani, utaukimbilia mpaka Outer Ring.

Neti? Mitungi miwili ya lita 20, weka mchanga, simamisha bomba ndani, kamba ya nguo juu, neti ya mbu iliyozeeka ininginie. Sentimita 91 pembeni, 86 katikati. Uwanja ni mita 13.4 kwa 6.1, sawasawa na badminton ya watu wawili wawili. Halafu pima mita 2 na kitu kidogo kutoka kwa neti, kila upande, chora mstari. Hiyo sehemu inaitwa jikoni, na hapo ndipo kila mtu mpya hufia.

Jikoni inafanya kazi hivi. Huruhusiwi kupiga mpira ukiwa hewani wakati mguu wako uko ndani ya jikoni ama umekanyaga mstari wake. Hata kama ulipiga ukiwa nje halafu kasi yako ikakuvuta ukaingia, umepoteza. Lakini mpira ukishadunda humo ndani, ingia tu upige. Watu wengi husikia nusu ya kwanza na kusahau ya pili, wanasimama nje wakiogopa kama kuna mbwa. Hakuna mbwa. Ingia, piga, toka.

Hiyo sheria moja ndiyo inafanya nipende huu mchezo kuliko vingine vyote vya raketi. Imemnyang'anya mtu wa misuli faida yake. Bila jikoni, jamaa mrefu angesimama juu ya neti anapigilia kila kitu chini kama msumari, na mchezo uishe. Sasa hawezi. Inabidi ajue kupiga pole, mpira uvuke neti kidogo tu uangukie jikoni ya mwenzake, ambapo huwezi kuupigilia. Inaitwa dinki. Vijana wa jimu wanachukia dinki. Wanakuja na mkono wa kubeba saruji, mpira unapita mstari wa nyuma, wanasema raketi ni mbovu.

Ukianza mpira, unapiga kutoka chini ya kiuno, mkono ukipanda, ukiwa nyuma ya mstari wa mwisho, na unaupeleka kimshazari uvuke jikoni ya wenzako. Kama mkono wako na mpira havielewani, kuna njia halali ambayo watu hawaambiwi: uachilie mpira uanguke wenyewe, udunde, ndipo upige. Nawaambia wote waanze na hiyo. Halafu upande unaopokea lazima uache mpira udunde, na mlioanzisha pia lazima muache urudi udunde kwenu, ndipo sasa muanze kupiga hewani mkitaka. Sababu ni rahisi: vinginevyo anayeanza angekimbia mbele mara moja na kuua mpira kabla hujapumua.

Pointi anapata anayeanzisha pekee. Mchezo unaisha 11, lakini lazima ushinde kwa tofauti ya mbili. Mkiwa wawili wawili unataja namba tatu kabla ya kupiga: zenu, zao, halafu wewe ni mpigaji wa kwanza ama wa pili. Mwanzo kabisa unasema "sufuri, sufuri, mbili", juu timu ya kwanza inapewa mpigaji mmoja tu ili isitoroke na mchezo. Hii ya namba tatu itakuchanganya wiki mbili. Hata makanga hushindwa na chenji siku ya kwanza kazini.

Mazoezi ya pekee yako ni ukuta. Simama hatua tano, piga pole, uache udunde, piga tena, bila kuangalia simu. Na tafadhali, mpira ukipita juu ya kichwa chako usirudi kinyumenyume. Geuka ukimbie. Kwa kabro, kisigino kikishikwa na tofali lililoinuka unaanguka na mgongo, na huo mgongo hauna bima.

Sasa nifike kwa kitu kinachoniuma.

Eastlands ni ya soka, na sina shida na hiyo. Nani hapendi Koth Biro kule Ziwani, ama mechi moto pale Camp Toyoyo? Lakini angalia uwanja wowote wa mtaa saa kumi na moja jioni uhesabu wasichana wanaocheza. Wako pembeni, wameshika jaketi za watu. Dem akifika kumi na tatu, kumi na nne, ghafla kucheza nje kunakuwa tabia mbaya. Na mathe zetu? Mara ya mwisho umeona mathe wa mtaa akikimbia kwa raha, si kukimbizwa na kanjo, ni lini?

Pikoboli ya chaki ni kitu ya kwanza nimeona hapa Tena inayoweka hao wote uwanja mmoja. Hakuna kugongana mabega, neti imewatenganisha. Huhitaji watu kumi na mmoja, wanne wanatosha, na wanaongoja wanaweka raketi zao kwa foleni, mechi ikiisha wanaingia. Kuna mama mmoja anauza mboga hapa kwetu, anacheza na leso kiunoni, na anajua kuweka mpira jikoni kwa adabu kiasi kwamba mpinzani wake anasema asante kabla ya kujua ameshindwa. Nimemuona akimtoa kijana wa miaka ishirini, kumi na moja kwa nne. Huyo kijana alikuwa amekuja na kitambaa cha jasho kichwani na kila kitu.

Na hapo ndipo swali la nafasi linaingia. Huu uwanja wote unameza nafasi ya magari sita ama saba. Hiyo peke yake. Na bado kamati ya mtaa mmoja ninaoujua vizuri inataka kuchora ile kona ya mwisho iliyobaki iwe pakingi ya kukodisha kwa mwezi, ati haitumiki. Haitumiki! Watoi wako hapo kila jioni. Lakini watoi hawalipi kwa M-Pesa, kwa hivyo kwa hesabu ya watu wazima hawapo.

Tusijifanye hatujui hii sinema inaendaje. Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi na polisi wakitetea uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Watoto wa yunifomu. Wengi wanaosoma hapa walikuwa shuleni mwaka huo, tuliona picha. Kwa huu mji, kipande kitupu hakikai kitupu. Kinakuwa kontena, halafu kibanda, halafu geti, halafu unaulizwa wewe ni nani na unaenda wapi.

Ndiyo maana nawasukuma na chaki. Mstari uliochorwa, foleni ya raketi, mathe wanne wanacheza na watu kumi wanatazama: hiyo kamati haiwezi kusema haitumiki. Mjumbe wa kamati anaweza kumfukuza mtoi mwenye mpira wa karatasi. Ajaribu kumfukuza mama anayemkopesha mboga mpaka mwisho wa mwezi.

Wengine watasema magari yanahitaji pa kulala, na wezi wa vioo wapo. Kweli. Mimi sisemi gari zilale barabarani. Nasema kati ya saa tisa na saa kumi na mbili Jumamosi na Jumapili, gari nyingi ziko nje zinazunguka, na kona iko wazi. Tugawane masaa. Mitungi ya neti inabebwa na watu wawili, inatolewa kwa dakika moja gari likirudi. Huwezi kubeba pakingi.

Kelele? Huko Marekani majirani wamepelekana kotini kwa sababu ya hiyo pok pok, si utani. Mpira mgumu kwa raketi ngumu unasikika mbali, na plaiwudi haijanyamaza hata kidogo. Sisi tuna spika za ibada ya usiku, jenereta, na mathree yenye besi ya kutikisa madirisha ya ghorofa ya nne, lakini bado heshima ni heshima. Saa tisa hadi saa kumi na mbili, mtu anayelalia zamu ya usiku ameshaamka. Tulimuuliza soja wa geti, ambaye ndiye hulala mchana kuliko wote. Akasema yeye shida yake ni moja, hajapewa zamu ya kucheza.

Mkutano wa kamati ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Sitaki watu waje kupiga kelele, na sitaki video ya mtu akimtukana mzee. Nataka wapangaji, si wenye ploti pekee, waje waulize swali moja: hiyo kona ikikodishwa, pesa zinaenda wapi, na watoi wanaenda wapi? Waandike majibu kwa kitabu cha mkutano.

Kabla ya hapo, Jumamosi hii saa tisa, tuko kona. Raketi za plaiwudi ziko saba, moja imepasuka. Chaki iko. Anayeweza kuleta mpira wa mashimo 40 alete, wetu umeanza kuwa na ufa.