Hesabu Kwanza, Bajeti Baadaye

Mwaka wa fedha wa 2021/22 ulifungwa tarehe 30 Juni 2022. Mwishoni mwa Machi 2023, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, alimkabidhi Rais ripoti ya namna fedha za mwaka huo zilivyotumika. Aprili ripoti ikawekwa mezani bungeni Dodoma. Wabunge waliotaka ijadiliwe papo hapo wakaambiwa wavute subira, zamu yake ni Novemba. Wakavuta subira. Lakini Juni, kabla Novemba haijafika, Bunge hilohilo liliidhinisha bajeti mpya ya shilingi trilioni 44.39 kwa wizara zilezile na mashirika yaleyale, ambayo hoja zake za ukaguzi zilikuwa bado zimelala kwenye makabrasha.

Soma tena mtiririko huo taratibu. Fedha mpya zinatoka Juni. Maswali kuhusu fedha za zamani yanakuja Novemba, miezi kumi na sita tangu hesabu zifungwe. Wakati huo aliyehamishwa ameshahama, aliyestaafu ameshachukua kiinua mgongo, na waziri aliyekuwa na dhamana huenda yuko wizara nyingine anajibu mengine. Kisha tunajifanya kushangaa kwamba hoja za CAG za mwaka huu zinafanana na za mwaka jana, na za mwaka juzi.

Akina mama wa vikoba hawathubutu kufanya upuuzi huu. Pale chini ya mwembe, kabla mtu hajanunua hisa hata moja, kisanduku cha kufuli tatu kinafunguliwa mbele ya kikundi, daftari linasomwa, fedha zinahesabiwa. Ikipungua elfu mbili, mhazini haendi popote. Kama watu wenye mtaji wa laki chache wanajua utaratibu huo, kwa nini watu tuliowakabidhi matrilioni hawaujui?

Wanaujua. Na Katiba inawapa kila wanachohitaji. Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Ibara hiyohiyo inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali lolote! Ibara ya 143 inahakikisha kwamba ripoti ya CAG inafika bungeni. Rais asipoiwasilisha, CAG mwenyewe anampelekea Spika. Silaha zipo, zimenolewa, zimetundikwa ukutani. Wenye kupaswa kuzishika ndio wamekaa wanapiga meza.

Tazama kipindi cha maswali. Saa tatu asubuhi, dua imesomwa, mbunge anasimama na swali lake la msingi: ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara fulani ya jimboni kwake? Naibu Waziri anafungua karatasi. Anajibu kwa niaba ya Waziri kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika, na ujenzi utaanza pindi fedha zitakapopatikana. Mbunge anasimama tena kwa maswali mawili ya nyongeza. Kwanza anaishukuru Serikali kwa majibu mazuri. Kisha anauliza kama Naibu Waziri yuko tayari kuongozana naye baada ya Bunge kwenda kujionea mwenyewe hali ya wananchi. Naibu Waziri yuko tayari. Spika anaita swali linalofuata.

Nini kimeulizwa hapo? Hakuna. Mbunge ameomba, na amejibiwa kama mwombaji: subiri. Mwakani atarudi na swali lilelile, na karatasi ya majibu itakuwa imebadilishwa tarehe tu. Mbunge anayeuliza kweli angesema hivi: katika bajeti mliyotuomba mwaka jana, mradi huu ulitengewa kiasi gani? Hazina ilitoa kiasi gani, na mwezi gani? Mkandarasi amelipwa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni riba kwa sababu mlimchelewesha? Nani alisaini, na yuko wapi leo? Maswali kama hayo hayajibiki kwa “Serikali inatambua”. Yanajibiwa kwa tarakimu, na tarakimu zikishaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, hakuna safari ya kujionea itakayozifuta.

Au chukua ile ibada ya kushika shilingi. Wizara imesoma hotuba, Bunge limekaa kama Kamati ya Matumizi, fungu la mshahara wa Waziri limefika. Mbunge anasimama kwa sauti nzito, asipopata maelezo ya kuridhisha anakusudia kutoa shilingi kwenye mshahara huo. Wenzake wanapiga meza. Watu majumbani wanasogea kwenye redio, leo kuna kazi. Waziri anasimama, anamsifu mbunge kwa uchapakazi, anasema hoja yake ni ya msingi, Serikali imeichukua, wataifanyia kazi. Mwenyekiti anageuka: Mheshimiwa, unasemaje? Mheshimiwa anarudisha shilingi. Saa inayoyoma, gilotini, ile kanuni ya kufunga mjadala muda ukiisha, inaanguka, na mafungu yaliyobaki, mabilioni kwa mabilioni, yanapita mfululizo kwa “ndiyo” moja ndefu. Shilingi yenyewe ni ishara tu. Tumefika mahali ambapo hata ishara hairuhusiwi kulala nje usiku mmoja.

Msiniambie kwamba Bunge letu halijawahi kuweza. Februari 2008 Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliweka mezani ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, mawaziri wawili wakajiuzulu, Rais Kikwete akavunja Baraza la Mawaziri. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, chini ya Zitto Kabwe na makamu wake Deo Filikunjombe, ilisoma bungeni ripoti ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300. Kufika mwisho wa Januari 2015, Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Nishati na Madini walikuwa wamejiuzulu, na Waziri wa Ardhi alikuwa ameondolewa. Filikunjombe alikuwa mbunge wa chama tawala, CCM. Mwakyembe pia. Kwa hiyo hadithi kwamba kuhoji ni kazi ya wapinzani peke yao ni kichaka cha kujifichia.

Na upo mwaka unaonihusu zaidi katika hoja hii, nao ni 2012. Aprili ya mwaka huo Bunge lilikaa likajadili ripoti za hesabu, wabunge wakachachamaa, Zitto akaanza kukusanya saini za kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na baadhi ya wabunge wa chama tawala wakasaini. Mapema Mei mawaziri sita, akiwamo wa Fedha, walikuwa nje. Nini kilikipa kikao kile meno? Zingatia kalenda. Msimu wa bajeti ulikuwa bado haujaanza. Serikali ilikuwa inakuja Juni kuomba fedha, na ilijua haiwezi kuja na nyuso zilezile. Anayekuja kuomba husikiliza. Aliyekwishapewa hana haraka.

Ndiyo maana ninasema mjadala wa Novemba ni mazishi. Tunakusanyika kusoma wasifu wa fedha zilizokwisha kufa, tunalia kidogo, tunatoa maazimio, tunatawanyika.

Sasa kwa nini waheshimiwa wanakubali utaratibu huu? Kwanza, kuuliza kuna bei, na wanaikumbuka. Agosti 2007 Zitto alihoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London; akasimamishwa ubunge miezi kadhaa. Mwishoni mwa 2018 Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, alisema kwamba ripoti zikitolewa na hakuna kinachofanyika, huo ni udhaifu wa Bunge. Badala ya kumjibu kwa vitendo, Bunge chini ya Spika Job Ndugai likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba 2019 akaondoka ofisini. Ndugai huyohuyo, mwishoni mwa 2021, alihoji hadharani ukubwa wa deni la taifa na akaonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Tarehe 6 Januari 2022 alikuwa amejiuzulu uspika. Juni 2024 Luhaga Mpina alimtuhumu Waziri wa Kilimo kwamba amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Akafungiwa vikao 15 kwa kupeleka ushahidi wake kwa waandishi wa habari. Sitetei kila neno la kila mmoja wao. Ninachoona ni kwamba katika nyumba ya maswali, adhabu humpata muuliza swali upesi kuliko jibu.

Pili, kuna muundo. Mawaziri wetu hutoka miongoni mwa wabunge, kwa hiyo nusu ya wanaopaswa kuuliza wanaota siku watakapokuwa wanajibu. Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti. Mbunge mwenye mkopo wa gari na wa kampeni anaisoma ibara hiyo kuliko zote. Kanuni zinataka PAC iongozwe na upinzani, lakini baada ya uchaguzi wa 2020 upinzani bungeni ulibaki wa kuhesabika, na mwenyekiti wa kamati akatoka miongoni mwa wabunge 19 wa viti maalumu ambao chama chao kilishatangaza kuwafukuza. Na Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena Bunge mubashara kwa sababu ya gharama, mwananchi akawa anasikia kilichobaki baada ya kuchujwa.

Yote hayo ni kweli, na hakuna linalotosha kuwa udhuru. Hakuna ibara inayomlazimisha mbunge kuunga mkono hoja asilimia mia moja kabla hajaisoma. Hakuna kanuni inayomlazimisha kushukuru kwa jibu ambalo halikumjibu.

Watanijibu kwamba kamati zinahitaji muda: maofisa masuuli waitwe, wajibu hoja, vielelezo vihakikiwe, mambo ya hesabu hayataki pupa. Sawa. Lakini CAG haibuki na hoja Machi kama mchawi. Wakaguzi huandika hoja zao kwa taasisi husika wakati wa ukaguzi, na taasisi hupewa nafasi ya kujibu kabla ripoti haijafungwa. Aliyeshindwa kuleta risiti kwa mkaguzi katika muda wote huo hatazipata kwa kuongezewa miezi saba. Atapata muda wa kuzitengeneza. Tena sidai kila hoja ijadiliwe Aprili. Nadai zile kubwa za kila wizara ziwe mezani siku wizara hiyo inapoleta hotuba yake ya bajeti, na Waziri azijibu moja moja kabla fungu lake halijapigiwa kura. Uchambuzi wa kina wa PAC unaweza kuendelea hadi Novemba. Fedha zisitangulie.

Watasema pia kwamba wapiga kura wanataka barabara, maji na zahanati, hawataki mahesabu. Hiyo ni dharau. Mwananchi anayeona zahanati iliyoishia kwenye renta kwa miaka mitatu anayaelewa mahesabu vizuri sana. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha mwisho wa dharau hiyo. Kule Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni kabisa, Bunge likawa na nafasi ya kuhoji bila kuoneana haya. Bado tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliunga mkono Muswada wa Fedha ambao nchi nzima ilikuwa inaupigia kelele. Siku hiyohiyo vijana wakaingia bungeni, risasi zikalia, watu wakafa, na kesho yake Rais akaukataa muswada ulioletwa na Serikali yake mwenyewe. Mwakilishi asipouliza, swali haliyeyuki. Linatafuta mlango mwingine, na gharama yake hulipwa na watoto wa watu.

Kwa hiyo, waheshimiwa, madai ni matatu na hayahitaji Katiba mpya. Rekebisheni Kanuni ili hoja za CAG zitangulie kura ya kila fungu. Spika akatae jibu la swali la fedha lisilo na kiasi, tarehe na cheo cha mhusika, alirudishe wizarani siku hiyohiyo. Na ahadi inayotolewa bungeni iwekewe mwezi wa kutimizwa, ukifika Waziri asimame aeleze bila kuulizwa.

Na wewe mpiga kura, kura ya bajeti hupigwa kwa majina kuitwa, mmoja mmoja, na mbunge wako hujibu kwa sauti. Iko kwenye Hansard. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa ya shilingi trilioni 56.49. Akija jimboni na msafara wake, usimuulize ataleta nini. Muulize ni hoja gani ya ukaguzi aliyoisoma kabla ya kusema ndiyo, na alimbana nani kwa hoja hiyo. Kama hana hata moja, basi alikwenda Dodoma kugonga muhuri, na kwa kazi ya kugonga muhuri tunao makarani wa kutosha, tena kwa mshahara mdogo zaidi.