Msizitupe Picha Zilizoharibika

Jamaa zangu, katika albamu zetu hakuna anayecheka. Babu amesimama kwa kanzu na joho, mkono juu ya kiti; bibi ameketi kama anayesubiri hukumu. Siwalaumu. Kwenda studio kulikuwa jambo la heshima, na picha ilikuwa ghali. Ila tunawadhulumu tunapodhani kuwa ndivyo walivyokuwa.

Rembrandt, kijana wa Leiden huko Uholanzi aliyezaliwa mwaka 1606, alikwenda njia nyingine. Alichukua kioo na uso wake mwenyewe, mfano usiodai ujira. Alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano, akalitia bamba katika tindikali ili mistari iliyo wazi ilike. Kisha wino, kisha karatasi. Mwaka 1630 alijichora hivyo akicheka, akikunja uso, na tena akiwa ametoa macho na kuachama, kama mtu aliyeitwa ghafla gizani. Picha hii ya mwisho ina sentimita 5 hivi kila upande.

Inayonivutia zaidi ni ya 1629. Alitumia kifaa chenye ncha mbili, mistari ikatoka miwili miwili. Herufi za jina lake na mwaka zikatoka kinyumenyume. Zinajulikana nakala 2 tu, moja Amsterdam, moja London. Fundi mwenye kiburi angeichana. Nami naiona hai kuliko nyingi alizozichora baadaye akiwa amevaa vizuri. Tena kioo hugeuza uso, na bamba huugeuza mara ya pili. Basi karatasini tunamwona kama majirani zake walivyomwona.

Wapo kwetu wasioridhia picha ya chenye roho. Nawaheshimu, maneno haya hayawahusu. Nasema na sisi tunaogawana vitu vya marehemu Maskati, Dubai au London, tukachagua picha nzuri na kuzitia nyingine jaani, au kuzifuta simuni bila kufikiri. Ile ambayo shangazi amefumba jicho, ile ambayo ami anacheka hadi mapengo yanaonekana, hizo ndizo wajukuu watakazozitafuta. Ziwekeni. Nyuma yake andikeni jina, mahali, na alikuwa akicheka nini, maadamu bado yupo anayekumbuka.