Leso Husemeshwa na Aliyejifunga

Mwaka 2001 Kazuya Tsurumaki alikuwa Marekani mbele ya mashabiki, akaulizwa kuhusu misalaba. Alikuwa mwelekezi msaidizi wa Hideaki Anno katika Neon Genesis Evangelion, katuni ya Kijapani ya vipindi 26 iliyorushwa kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, na swali lilikuwa la haki. Humo adui akiuawa, mlipuko hupaa angani kwa umbo la msalaba. Maadui wenyewe wana majina ya malaika. Chini kabisa ya ardhi yumo kiumbe mweupe aliyesulubiwa, jina lake Lilith. Tsurumaki alijibu kwamba Japani imejaa katuni za maroboti makubwa na wao walitaka yao ijitenge na nyingine. Kwamba Ukristo ni nadra kwao, kwa hiyo una mvuto wa kitu cha siri. Kwamba hakuna Mkristo miongoni mwa waliofanya kazi ile. Na kwamba hamna maana ya Kikristo ndani yake, alama zile ziliwapendeza tu.

Jibu hilo limegeuzwa rungu. Kijana akithubutu kusema ameona kitu katika katuni, iwe rangi, jina au mkao wa mkono, hatakosa mtu wa kumpiga nalo: mwenye kazi mwenyewe amekana, wewe ni nani? Nyuma ya rungu ipo imani niliyoisikia kwa walimu, kwa wazazi, na kwa mashabiki wenyewe wanapotaka kunyamazishana, kwamba maana ni mali ya mtunzi, na asichokikusudia hakimo. Imani hiyo si kwamba imetiwa chumvi kidogo. Ni ya uongo, na wanaoumia ni watoto wenye macho makali.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Mombasa. Muhula uliopita aliandika insha juu ya mhusika ampendaye, akamchagua Misato Katsuragi wa Evangelion. Ilirudi na swali moja pembeni, kwa wino mwekundu: Una ushahidi gani kwamba mwandishi alikusudia haya? Hoja yenyewe haikuguswa wala kupewa maksi. Akaniletea daftari. "Mjomba, mimi niliangalia vizuri," akaniambia. Nimeisoma insha ile mara tatu, nami nashuhudia kwamba aliangalia vizuri.

Alichokiona ni hiki. Wahusika wengi wa Evangelion wamepewa majina ya manowari za Japani za Vita vya Pili vya Dunia. Akagi na Soryu zilikuwa manowari za kubeba ndege, zikazamishwa zote mbili huko Midway, Juni 1942. Ayanami ilizama Novemba mwaka huohuo karibu na Guadalcanal. Ikari, jina la ukoo la mvulana mkuu, kwa matamshi ni nanga. Kutokana na hayo inazuka nadharia nyepesi: hawa ni watu wa kuzama, majina yao yamekwisha kuwahukumu. Ukiisoma upesi utaikubali. Mpwa wangu hakuikubali, kwa sababu alikwenda kuitafuta Katsuragi akakuta haikuzama. Ilipigwa mabomu ikiwa imetia nanga Kure, ikapata majeraha, ikasalimika. Vita vilipokwisha ikageuzwa kuwa meli ya kuwarudisha nyumbani Wajapani waliokuwa wametapakaa ng'ambo, na baada ya kazi hiyo ndipo ikavunjwa kuwa chuma chakavu.

Sasa mtazame Misato. Katika kipindi cha pili anamchukua Shinji, yule mvulana mkuu, aliyeachwa na baba yake, anampeleka nyumbani kwake. Shinji anaingia kwa maneno ya hodi, kama mgeni. Misato anamkatalia. Hapa ni kwako, anamwambia, na anamtaka aseme neno lile ambalo Mjapani husema arejeapo kwake. Mvulana analisema kwa haya, naye anampokea kama mtu anavyompokea wa nyumbani. Mwenye jina la meli iliyorudisha watu makwao ndiye wa kwanza kumfundisha mtoto huyu kwamba anaweza kurudi mahali. Hata kama Anno alilipenda jina hilo kwa mlio wake tu, limekaa pale, na mandhari ile imekaa pale, na aliyezikutanisha ni msichana wa miaka kumi na sita aliyefanya kazi ya kutafuta. Kumuuliza mwandishi alikusudia nini ni kuukimbia mjadala, si kumjibu.

Ajabu ni kwamba shule ileile inamfundisha majazi. Kila mwanafunzi wa Kenya anajua kwamba mhusika aitwaye kwa sifa yake amepewa jina kwa majazi, na akiliona katika kitabu kilichoteuliwa, anapata maksi bila kuombwa barua ya mtunzi. Nadhani imani hii inatokea kwenye mwongozo wa kusahihisha. Tumezoea kuuliza dhamira ya mtunzi ni ipi, na jibu limekwisha andikwa mahali, mtahini analo. Mtoto aliyelelewa hivyo anakua akiamini kila kazi ya sanaa ina karatasi ya majibu kabatini mwa mtu fulani. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki mnamo 1840. Mafumbo yake ya siasa za Mombasa na Omani bado tunayasoma, tunayabishania, na hakuna aliyependekeza tuyafunge kwa kuwa mwenyewe hayupo wa kuulizwa.

Na sisi wa pwani, kuliko watu wengine wote, hatuna udhuru wa kuiamini imani hii, kwa sababu tuna leso. Ingia dukani, Barabara ya Biashara, penye leso za Mali ya Abdulla ambazo zimekuwa mjini humu tangu karne ya kumi na tisa. Mchapaji anachapa jina la leso, yaani usemi wake, kwa maelfu ya jozi. Hamjui jirani yako, hajui uliazimwa nini wala ulisengenywa wapi. Mwanamke anainunua, anaiweka kabatini, anangoja siku yake. Siku hiyo anajifunga, anapita mbele ya mlango mmoja, na mtaa mzima umeelewa. Akipelekwa kwa wazee kwamba ametukana, hakuna mzee atakayesema aitwe mchapaji aeleze alikusudia nini. Watauliza alijifunga lini, alipita wapi, nani walikuwa barazani, na kwa nini leso ile na si nyingine. Huko ndiko kusoma. Kuna ushahidi, na unakaguliwa, lakini hautafutwi kiwandani.

Basi turudi kwa Tsurumaki. Misato huvaa kidani cha msalaba. Ni cha baba yake, mwanasayansi aliyeijali kazi kuliko familia, ambaye siku ya maangamizi huko Antaktika alimtia binti yake kwenye chombo cha kujiokolea, yeye akabaki akafa. Msalaba huo unaning'inia kifuani mwa Misato mfululizo mzima. Katika filamu ya mwisho wa hadithi, iliyotoka Julai 1997, Misato amepigwa risasi na anamsukuma Shinji aende. Anamvulia kidani kile chenye damu, anamtia mkononi. Mwishoni kabisa, dunia ikiwa imekwisha, kidani kimepigiliwa kwenye mti kama alama ya kaburi. Baba, binti, mtoto asiye wake, kaburi. Hapo hakuna mafundisho ya kanisa, na Tsurumaki alisema kweli aliposema hivyo. Lakini huwezi kuifuata safari ya kidani kile kisha useme hakina maana. Tena filamu ile ina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza, yenye mandhari ya Misato kukabidhi msalaba, mwelekezi wake alikuwa Kazuya Tsurumaki mwenyewe. Mwaka 2001 alijibu kama mchapaji. Miaka minne kabla alikuwa amekwisha kujifunga leso hiyo akapita nayo mbele yetu sote.

Kuna na jambo la Israfel, adui wa kipindi cha tisa. Anajigawa mara mbili, na hashindwi mpaka marubani wawili wasiopatana wajifunze kupigana kwa mwendo mmoja, hatua kwa hatua, muziki ukipigwa. Mtoto yeyote aliyepita chuoni kwetu anamjua Israfili, malaika wa parapanda, ambaye mpulizo wake ndio mwisho wa dunia. Anaposikia jina lile katika katuni inayohusu mwisho wa dunia, juu ya adui anayeshindwa kwa muziki, masikio yake yanasimama kabla ya ya mtoto mwingine. Hajabuni kitu. Amekuja na elimu yake.

Wapo mashabiki wanaojitetea kwa njia nisiyoipenda. Wanaitaja katuni ya Steven Universe ya Rebecca Sugar, na kweli hadithi yake inasisimua. Kwa miaka watazamaji waliona kwamba jiwe lililo kitovuni mwa Steven, alilorithi kwa mama yake Rose Quartz, likigeuzwa linakuwa na sura ya almasi. Wakaona pia kwamba Pearl, mtumishi wa Rose, akikaribia kusema siri ya bibi yake, mikono yake inamziba mdomo. Wakasema Rose ndiye Pink Diamond, yule mtawala aliyedhaniwa kuwa Rose alimwua. Waliitwa wendawazimu. Tarehe 7 Mei 2018 kipindi kikathibitisha. Mashabiki wakashangilia kwamba wamelipata, na walistahili. Ila ukijenga utetezi wako wote juu ya ushindi huo, umekubali sheria ya mpinzani: nadharia ni kitendawili, mtunzi ndiye mwenye jibu, na thamani yako ni kulipata kabla hajalitoa. Mimi navutiwa zaidi na mikono ya Pearl. Hata siri isingefichuliwa kamwe, mtazamaji aliyeiona mikono ile angekuwa amejua jambo la kweli juu ya mtumishi aliyeamriwa anyamaze mpaka mwili wake ukatii kabla ya nia yake.

Sisemi kila nadharia ni sawa. Ile inayodai kwamba Ash wa Pokémon amezirai tangu kipindi cha kwanza na safari zote ni ndoto yake siitaki hata kidogo. Siikatai kwa sababu watengenezaji hawakuikusudia. Naikataa kwa sababu haimtazami Ash. Mtu yeyote katika hadithi yoyote unaweza kumlaza hospitalini ukasema anaota. Ukishafanya hivyo hujui chochote kipya juu ya uso wake, marafiki zake, wala kwa nini Pikachu hataki kuingia kwenye mpira. Iweke kando ya insha ya Katsuragi. Nadharia ya meli ingeweza kuanguka: kama Katsuragi ingezama, mpwa wangu angebaki mikono mitupu.

Wanaowaona mashabiki kuwa kupe wanaonyonya kazi za wengine hawajui Evangelion ilizaliwa wapi. Mwaka 1981 na tena 1983, huko Osaka, wanafunzi wapenzi wa hadithi za sayansi walitengeneza katuni fupi za kufungulia makongamano yao, Daicon III na Daicon IV, wakijaza humo wahusika wa filamu na katuni za watu wengine bila ruhusa ya yeyote. Anno alikuwa mmoja wao. Alikuwa shabiki wa Ultraman kiasi cha kuigiza mwenyewe nafasi ya shujaa huyo katika filamu ya wanafunzi. Kundi hilo ndilo lililoanzisha studio ya Gainax mwaka 1984. Ultraman hupigana kwa dakika tatu kabla nguvu hazijamwishia. Jitu la Evangelion likikatika waya wake wa umeme lina dakika tano. Mtoto achoraye mhusika wa mwenzake nyuma ya daftari anafanya alichokifanya Anno, na tunampa adhabu.

Kwetu suala hili lina uzito mwingine, kwa sababu wakati fulani maneno yenyewe ni yetu. Mwaka 1994 The Lion King ilimpa fisi jina Shenzi. Kwa mtoto wa Ohio ni sauti ya kigeni tu. Kwa aliyekulia pwani, hilo ni neno ambalo waungwana walilitumia kwa mtu wa bara na mtumwa, na baadaye mkoloni akalitumia kwetu sote. Naye anayeitwa hivyo ni mnyama anayezuiwa kuvuka mpaka wa ardhi yenye neema. Kisha mwaka 2016 ukaja mfululizo wa The Lion Guard, na humo yumo fisi mwingine wa kike, mwema, anayemwonyesha mwana wa Simba kwamba fisi si wote wa namna moja. Jina lake Jasiri. Kutoka Shenzi hadi Jasiri ni miaka 22, na safari hiyo haihitaji tafsiri kwa msemaji wa Kiswahili. Lakini ukishika sheria ya kusudi la mtunzi, mwenye haki ya kutuambia neno mshenzi lina uzito gani ni mwajiriwa wa studio iliyoko California. Hilo silikubali hata kwa dakika moja.

Mpwa wangu hajaliandikia jibu swali la wino mwekundu. Amegeuza ukurasa, akachora. Ni Kilindini, magati yanatambulika, na meli kubwa kuukuu yenye sitaha bapa isiyo na ndege hata moja inafunga kamba. Watu wanateremka na mabunda yao. Chini ya ngazi amesimama Misato, kidani shingoni, leso amejitanda mabegani, na mkono mmoja ameunyosha kumpokea mtu ambaye bado hajachorwa.