Viatu vya pwenti vije nyuma ya nguvu za mguu

Video za dansi ya baleti zinafika leo mpaka kwenye simu za wazazi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi. Mtoto akimwona msichana amesimama wima juu ya ncha za vidole, naye hutaka kujaribu. Hamu hiyo isizimwe. Lakini mzazi au mwalimu anayekimbilia kumvalisha mtoto viatu vya pwenti, kabla mguu haujawa tayari, anamtayarishia maumivu.

Shirika la kimataifa la uganga na sayansi ya dansi, IADMS, linashauri mtoto asianze pwenti kabla ya miaka 12. Anayesoma baleti mara mbili kwa juma aanze katika mwaka wake wa 4 wa masomo. Anayesoma mara moja tu kwa juma asishawishiwe. Sababu ni wazi: mifupa ya mguu ingali inakua, na uzito wote wa mwili unakalia sehemu isiyozidi kisanduku cha kiberiti.

Hata hivyo, umri peke yake hautoshi. Wengi wanadhani kiatu ndicho kinachomwinua mchezaji. Sivyo. Mbele yake ni kigumu kwa sababu ya kitambaa na gundi, lakini kinachomshikilia mtu juu ni misuli ya nyayo, miguu, tumbo na kiuno. Ikiwa dhaifu, mtoto anazama ndani ya kiatu, vidole vinabanwa, na fundo la mguu linaweza kuteguka.

Nguvu hizo zinajengwa bila pesa nyingi. Mtoto ashike mgongo wa kiti, apande polepole juu ya vidole kwa miguu miwili, atulie, kisha ashuke polepole zaidi. Kushuka ndiko kunakofundisha kujizuia. Akizoea, apande kwa mguu mmoja, fundo lisianguke ndani wala nje. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli kinatosha kwa kusukuma na kuvuta unyayo. Akiruka kwa mguu mmoja na kiuno kikiyumba, bado angoje.

Wapo watakaosema mtoto wa Afrika hana muda wa kungoja: msaada wa viatu ukifika, avae. Hapo ndipo penye hatari. Kiatu cha pwenti hupimwa kwa mguu wa mwenyewe. Kilichovaliwa na mwingine kimeshalegea na kufuata umbo la mguu wake. Zawadi ya namna hiyo, hata ikitolewa kwa moyo mwema, inaweza kumwumiza mtoto.

Mwaka 2020, Anthony Madu, mvulana wa Lagos, Nigeria, alijulikana ulimwenguni kwa video akicheza baleti pekupeku kwenye mvua. Watu hawakushangilia viatu, maana hakuwa navyo. Walishangilia mwili uliofundishwa kutulia.

Basi mzazi anayetaka kusaidia atafute kwanza mwalimu mwenye subira, na sakafu isiyoteleza. Mwalimu naye akatae kumpandisha mtoto kwa ajili ya picha nzuri. Anayengoja miaka miwili hajapoteza kitu. Anayeharibu mguu akiwa na miaka 9 anaweza kukosa dansi yote iliyobaki.