Nembo ya Kaunti Ina Mwenyewe

Kila mali hutaka alama, na kila alama ina mwenyewe. Wazee wa Ukambani walilijua jambo hili zamani. Kila ukoo ulikuwa na chapa yake, ikatiwa juu ya ng'ombe, mishale na mizinga ya nyuki. Mzinga ulining'inia porini bila mlinzi, na chapa ikailinda asali. Aliyechonga chapa yake juu ya mzinga wa mwenziwe alikuwa mwizi, hata kama alikuwa tajiri.

Kaunti nayo ina chapa yake, yaani nembo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 4, yaagiza kwamba alama za kaunti zitungwe kwa mashauriano, zikubaliwe na bunge la kaunti, tena zisifanane na alama za taifa. Basi nembo ni ya watu wote, wala gavana au diwani hawezi kuifanya pambo lake.

Fikiri basi, msomaji: je, yafaa picha ya kiongozi kuandamana na nembo juu ya tangi la maji, gari la wagonjwa au hundi ya karo, vitu vilivyonunuliwa kwa kodi? Wapo wasemao, "Mwacheni ashukuriwe, amefanya kazi." Hoja hii ni dhaifu. Kiongozi hulipwa mshahara, na shukrani zake zimo katika sanduku la kura. Mwanafunzi adhaniye kwamba karo yake ni sadaka ya mtu mmoja atakua akiona haya kumhoji mtu huyo.

Wengine husema kwamba kanuni za nembo ni upuuzi maadamu watu wana njaa. Na waende Kangundo wakamtazame mwenye duka dogo. Ukutani ametundika leseni ya biashara, na nembo iliyo juu yake ndiyo ngao yake. Ikiwa kila mwenye mashine ya kupiga chapa aweza kuitumia nembo apendavyo, maskini huyu atalipa mara mbili: kwanza kwa laghai, kisha kwa serikali.

Enyi vijana, muionapo nembo mahali, ulizeni: nani aliiruhusu, kwa kazi gani, na kwa fedha za nani? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni wajibu wa mwenye mali.