Mpelelezi wa Sinema na Mgeni wa Njiani



Hapa kwetu Lusangi, kati ya Kasongo na Kabambare, watu wabishana juu ya sinema moja. Jina lake ni Casino Royale. Ilitoka mwaka 2006, nayo ni hadithi ya James Bond, mpelelezi wa serikali ya Uingereza. Vijana waliionyesha jioni moja kwa mashini ya umeme, na tangu siku ile maneno hayajaisha.

Wazee wengine wasema: Sinema hiyo ni sumu, ikatazwe, maana ni bastola na damu toka mwanzo hata mwisho. Vijana wajibu: Ni mchezo tu, nani amekufa kweli? Wengine tena wasema: Heri nchi yetu ingekuwa na mtu kama Bond, wasaliti wote wangekwisha. Sisi hatukubaliani hata na kundi moja, na twataka kueleza sababu.

Kwanza twawajibu wazee wetu kwa heshima. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960, serikali ya Wabelgiji ndiyo iliyochagua sinema ambazo mtu mweusi aliruhusiwa kuzitazama. Ilituhesabu kuwa watoto. Je, leo tujirudishe wenyewe katika utoto ule? Papa Pius XII alipoandika barua yake juu ya sinema, radio na televisheni mwaka 1957, hakusema mitambo ile ivunjwe. Aliihesabu kuwa zawadi ya Mungu, akataka watazamaji wafundishwe kuhukumu wanayoyaona. Kukataza ni kazi rahisi. Kufundisha kuhukumu ni kazi ngumu, nayo ndiyo inayotupasa.

Sasa twawageukia vijana. Ninyi mwasema ni mchezo tu. Lakini wiki ile ile ya sinema alipita mchuuzi mmoja na baiskeli yake, mtu asiyejulikana hapa, akiulizauliza bei ya mchele. Vijana walimzunguka wakipiga kelele: Mpelelezi! Mpelelezi! Wakafungua mizigo yake. Walikuta nini? Sabuni, chumvi, na daftari la madeni; na daftari lile, kwa kuwa lilijaa majina ya watu, likazidisha makelele. Mzee mmoja aliingia kati, mchuuzi akaenda zake salama. Vijana walicheka. Sisi hatukucheka.

Wenye mvi watajua kwa nini. Mwaka 1964, waasi walipoishika Kindu, makarani, walimu na watu wengine wa elimu waliuawa kwa wingi. Kosa la wengi wao lilikuwa kujua kalamu na kufanya kazi ya serikali. Hata katika vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, mgeni aliyeitwa mpelelezi mara nyingi hakupewa nafasi ya kujieleza. Neno hilo ninyi mmelipata katika sinema. Wazazi wenu walilipata kaburini.

Na watu wa siri kweli, je, walijulikana kwa macho? Mwezi wa Septemba 1960 Mmarekani mmoja, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akileta sumu ya kumwua Patrice Lumumba. Watu walimwona akipita, nao hawakujua neno. Sumu ile haikutumika. Lumumba aliuawa kwa risasi huko Katanga tarehe 17 Januari 1961, na habari ya sumu ilitangazwa na Seneti ya Marekani mwaka 1975 tu. Tena mwaka 1965, katika milima ya jirani zetu wa Fizi, alikaa mgeni aliyeitwa Tatu, akijulishwa kuwa mganga na mkalimani wa Kifaransa. Huyo alikuwa Che Guevara. Watu wengi walioishi naye hawakumtambua. Aliyekuwa na siri hakujulikana. Waliosingiziwa siri hawakuwa nayo.

Mwisho twawajibu wale wanaomtamani Bond. Ndugu, mliitazama sinema vizuri? Huko Madagaska Bond ampiga risasi mtu ndani ya ubalozi, mtu asiye na silaha mkononi. Je, mkubwa wake amsifu? La, amkaripia, kwa sababu walitaka kumhoji mtu yule, na maiti haihojiwi. Baadaye Bond amshuku rafiki yake Mathis kuwa msaliti, naye Mathis akamatwa mbele ya macho yake. Vijana walishangilia hapo. Lakini aliyezichukua fedha ni Vesper, yule ambaye Bond alimpenda na kumwamini. Katika filamu iliyofuata, ya mwaka 2008, Mathis yuko huru, naye hakuwa na hatia.

Sinema ilionyeshwa kwa Kifaransa, na wengi hufuata picha bila maneno. Aliyefuata picha tu aliona mtu akikamatwa, akadhani huyo ndiye mwovu. Basi fikirini: mpelelezi mwenye vyombo vyote vya London amekosea juu ya rafiki aliyekula naye meza moja. Ninyi mtamjuaje mpelelezi kwa kutazama baiskeli yake? Katika sinema kamera hutuingiza chumbani mwa mwovu, tukamwona akifanya shauri lake baya. Katika kijiji hakuna kamera. Kuna uvumi tu. Na Mathis yuko huru katika filamu ya pili, lakini mchuuzi akiisha kupigwa mawe, nani atamfufua?

Basi, vijana, tazameni sinema. Mbishane mpaka usiku, wala hatuna neno. Ila mtu anayejua Kifaransa awafasirie wenzake maneno, wasishangilie wasichokielewa. Na mgeni akipita, mwulizeni jina lake, atokako na shida yake, na mpeni maji. Mkiwa na shaka ya kweli, mpelekeni kwa kapita, mchana, mbele ya mashahidi, naye ajibu kwa kinywa chake mwenyewe. Na yule mchuuzi akirudi kudai madeni yake, yawapasa kumwomba radhi, kisha mlipe sabuni yake.