Nani anakula mlimau wako?

Ukiona majani machanga ya mlimau wako yameliwa pembeni, usikimbilie dawa. Dawa huua hata nyuki. Yatazame moja moja. Unachodhani ni kinyesi cha ndege huenda ni kiwavi mchanga wa kipepeo. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali nyuma ya kichwa.

Mti mkubwa hustahimili, ukachipua tena. Lakini mche ulio mkebeni waweza kubaki vijiti vitupu. Basi ukague kila asubuhi, ukwangue mayai yake madogo ya mviringo, na viwavi uwatoe kwa mkono. Kama jirani ana mlimau mkubwa, mwombe uwahamishie huko. Watoto wenu watajionea kipepeo akitoka.